Simu za Didi

Jumanne, 5 Agosti

Simu nane kabla ya saa nne asubuhi. Tano zilimuulizia Didi.

Nimejibu kama siku zote. Bwana Didi hayuko, mimi ni mke wake, niambie lupango lako, yaani kiwanja, liko wapi, kisima kimekauka tangu lini. Sisemi kwamba amekufa. Ya Floribert, kaka mkubwa wa Didi, alinikataza. Anasema mteja akisikia kifo anakata simu.

Miezi kumi na moja sasa. Lori, mteremko, breki. Simu yake mfukoni haikupata hata mkwaruzo.

Nimeandika kwenye daftari: wawili hapa mtaani kwetu Panda, mmoja Kamatanda, mmoja karibu na reli ya Shituru. Hao wanataka kuchimbiwa kweli. Wengine walitaka bei tu. Halafu nimefua, nimesonga bukari, nimemsuka binti yangu Naomi. Nguo nyeusi inachoma mgongo jua likipanda.

Jumatano, 6 Agosti

Gode, mke wa Ya Floribert, ameniuliza nafanya nini hasa na ile simu kutwa nzima. Tulikuwa tunachambua lengalenga.

Nilimweleza. Mtu kisima chake kikikauka hapigi kelele mtaani. Anachukua simu, anaandika shida yake, anatafuta. Sisi tunalipia maneno. Mtu akiyaandika akiwa Likasi, tangazo letu linatokea juu kabisa, kabla ya wengine wote. Kazi yangu ni kujua ataandika nini.

Didi alitengeneza ukurasa wetu wa mtandao, lakini aliandika kama mhandisi. Kifaransa cha shule. Hakuna aliyekuja. Mimi nikaweka maneno ya watu: "mayi haitoke", "kuchimbisha mayi mu lupango", "forage bei gani Panda". Forage ndicho kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Tangu hapo simu hazijanyamaza.

Gode aliacha kuchambua. "Kumbe weye njo unabaleta," akasema.

Nikaendelea kuchambua peke yangu. Ni kweli, ninawaleta. Didi alikuwa mdomo wa kazi hii na kaka yake alikuwa mikono. Ya Floribert anajua mashine, anajua mwamba, anaweza kuonja udongo akakuambia maji yako mita ngapi. Ila ana kigugumizi. Mteja akisema "allô", yeye anabaki na neno kooni mpaka mtu anakata.

Jumamosi, 9 Agosti

Dada yangu Odile amepiga kutoka Kolwezi. Amenipatia kazi kwenye duka la kuchapisha. Mwenye duka anatafuta mtu wa kumletea wateja kwa njia ya mtandao. Nianze Septemba. Shule ya Naomi iko ng'ambo ya barabara.

Nimesema nakuja. Halafu nikakumbuka nilichovaa.

Matanga yangu yalikuwa yafungwe Julai, nivuliwe nguo nyeusi. Wakasema mjomba wa Didi, ambaye lazima awepo, amesafiri. Ikawa Agosti. Leo nimekwenda kumuuliza Ya Floribert. Alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Tu-tungoje mvua," akasema. "Sasa ni jua, njo wakati ya kazi. Mvua ikianza tutamaliza matanga muzuri."

Mvua ni Novemba. Nikasema dada yangu ananingoja, kuna kazi, kuna shule. Akatoka chini ya lori, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Kama unataka kwenda, enda. Naomi anabakia. Ule ni mutoto wa famille."

Hakukwama hata kwenye herufi moja.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Nimesimama nyuma ya Mama, yaani mama mkwe. Shingo nyembamba, mgongo umenyooka kama wa askari. Hajawahi kusifu chakula changu. Hajawahi kukiacha pia.

Mjane anayeondoka kabla hajavuliwa nguo nyeusi, watu husema anamkimbia marehemu kwa sababu anajua alichomfanyia. Najua majina ya watakaosema. Walikuwa wamekaa pembeni yangu.

Nimekwama. Hakuna neno lingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Kila Jumatatu nasoma orodha ya maneno yaliyowaleta watu wiki iliyopita. Ni kitu pekee ninachokipenda katika kazi hii. Watu wanaiambia simu kile wasichomwambia jirani. "Mayi ya kisima inanuka chuma." "Forage ya kanisa." Mmoja ameandika: "kupata mayi karibu na nyumba mama hawezi kutembea."

Huyo alipopiga simu nilimtambua kwa habari ya mama yake, nikamtafutia nafasi ya kesho.

Baadaye nikaandika la kwangu. "Matanga ya mujane inamalizika lini." Juu kabisa likatokea tangazo la wakili wa Lubumbashi. Nikashangaa. Yuko mtu kule amenunua maneno ya mjane kama mimi ninavyonunua ya kisima kikavu. Anajua tuko wengi.

Gode akaingia kabla sijabonyeza. Akafunga mlango. Alisema bila kuniangalia: "Floribert anasema, weye ukienda, simu zote zinakufuata. Njo maana anakataa kumaliza matanga. Haiko mvua."

Basi ni hivyo. Si marehemu anayenishika, wala si desturi. Ni kazi yangu mwenyewe. Kadiri ninavyoifanya vizuri ndivyo ninavyokaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimezima matangazo.

Saa tatu asubuhi, Gode yuko sokoni, Ya Floribert yuko Kamatanda na mashine. Nimegusa mara moja, yakazimika. Ukurasa upo, haujafutwa. Ila mtu akitafuta hautokei tena juu. Uko chini, chini kabisa, ambako hakuna anayefika.

Neno la siri ninalijua peke yangu. Didi alilitunga kwa jina la kijiji cha mama yake na siku niliyomzaa Naomi.

Nimefikiri hivi: simu zikinyamaza, hawatakuwa na sababu ya kunishika.

Leo zimekuja sita bado.

Jumatatu, 18 Agosti

Ijumaa tatu. Jumamosi moja. Jana hakuna. Leo hakuna.

Nimeutafuta ukurasa wetu kwenye simu kuukuu Naomi anayochezea michezo. Nafasi yetu imechukuliwa na kampuni fulani ya Lubumbashi, picha nzuri, maji yanaruka hadi angani. Wamekuja haraka. Kumbe walikuwa pale wakingoja siku zote.

Ya Floribert ameifungua simu ya Didi, ameipuliza, ameondoa kadi na kuirudisha. "Ni ré-réseau?" akaniuliza.

Nikasema mtandao uko sawa. Nilisema kweli.

Jumatano, 20 Agosti

Mashine imesimama uani. Wafanyakazi wanne wamekaa juu ya mabomba wanacheza dama kwa vizibo vya chupa. Kila mmoja ana watoto. Sikuwa nimewaweka hao katika mawazo yangu.

Mchana amekuja mchungaji na mafuta. Amepaka lori, mnara wa kuchimbia, kila tairi. Mimi nilipewa chupa niishike. Ya Floribert aliimba. Akiimba hana kigugumizi, sauti yake ni nzuri kuliko ya Didi. Alifumba macho, anaomba njia ifunguke. Niliona aibu.

Nilijiambia: siku chache tu. Atachoka, atafunga matanga, nitaondoka, nitawasha kabla sijatoka. Hakuna atakayeumia.

Ijumaa, 22 Agosti

Maombi hapa nyumbani, baada ya chakula cha mchana. Mwanamke mmoja mwenye maono aliletwa. Watu kama ishirini.

Alizunguka akinena kwa lugha, kisha akasimama katikati. "Kuko mutu mu hii lupango alifunga njia ya mayi. Ni mutu ya hapa ndani. Anakula na ninyi."

Alikuwa anasema kweli. Mkono wake ukaanza kupita juu yetu mmoja mmoja. Ukafika kwangu. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa kama wa Ya Floribert.

Mkono ukanipita. Ukasimama juu ya Mama.

"Mwenye mvi," akasema. "Alianza na mutoto yake mwenyewe. Sasa anakula kazi."

Mama hakusogea. Aliuliza tu kama ni yeye: "Minye?"

Jumapili, 24 Agosti

Tangu jana Mama yuko kwenye chumba cha vyuma, kule nyuma, panapowekwa mabomba na pampu mbovu. Amewekewa mkeka. Ni mfungo. Maji tu mpaka aseme. Mchungaji amesema siku saba.

Ana miaka sabini na kitu. Hata yeye hajui vizuri.

Naomi amekatazwa kumsalimu Kaku wake, yaani bibi yake. Alisimama mbali akapunga mkono. Gode akamvuta.

Nilipeleka uji. Ya Floribert alinizuia mlangoni. Alikuwa analia. Mtu mzima, mikono ya grisi, analia. "Mama Naomi, kama ni yeye alimuua Didi? Tu-tufanye nini?" Anaamini kabisa. Nilidhani ni mtu wa kupenda faida tu. Ni mtu aliyepoteza mdogo wake na hana wa kumlaumu.

Ningeweza kusema pale pale. Neno moja. Sikusema. Nilifikiria Kolwezi, nikafikiria Naomi akibaki, nikarudi na uji. Naandika ili nisije kujidanganya baadaye.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimewasha. Mapema, kabla ya wengine kuamka. Nilidhani simu zikirudi watamtoa Mama.

Saa tano ikalia ya kwanza. Hadi saa nane zilikuwa nne. Kwa muda wa saa moja hivi nilifurahi.

Kisha nikamsikia Ya Floribert uani akiwaambia wafanyakazi, sauti juu, kwamba mfungo unafanya kazi. Mama anaanza kuachilia alichofunga. Amempigia mchungaji. Mchungaji amesema wasimtoe sasa, waendelee hadi siku ya saba, hata maji wapunguze.

Nilichofanya kumsaidia ndicho kimekuwa ushahidi dhidi yake.

Jumanne, 26 Agosti

Mama ameanguka. Nilisikia mabomba yakibingirika. Nilimkuta ameketi chini, jeraha kwenye paji la uso, anajaribu kujifunika vizuri kwa kitenge kama vile kuna wageni.

Nikaenda uani. Ya Floribert, Gode na wafanyakazi wanne walikuwa wanakunywa uji. Nikasema: "Mimi ndiye niliyefunga. Si Mama. Ni mimi."

Walidhani nimepagawa. Gode alisogeza vikombe.

Nikamwambia Gode achukue simu yake mwenyewe, atafute kisima Likasi. Akatafuta. Tulikuwa juu, wa kwanza. Nikaishika simu ya Didi mbele ya macho yao, nikazima matangazo. Nikasema tungoje. Tuliketi. Uji ukaota utando. Nikamwambia atafute tena. Bado tulikuwepo. Mfanyakazi mmoja akacheka. Tukangoja tena. Gode akatafuta mara ya tatu, akashusha kidole, akashusha, akashusha.

"Hatuko," akasema. "Kuko ba Lubumbashi."

Nikawasha. Tukangoja tena. Tukarudi.

Nikamwambia Ya Floribert siku niliyozima na siku niliyowasha. Alihesabu kwa vidole vyake. Niliona usoni mwake pale siku hizo zilipokutana na za simu.

Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alipita kando yangu kama mtu asiyeona, akaenda chumba cha vyuma, akapiga magoti mlangoni. Alitaka kusema "Mama". Herufi ya kwanza ikamshika. M-m-m. Ilichukua muda mrefu. Mama alimngoja. Mwishowe Mama akamwekea mwanawe mkono kichwani, akamwambia amsaidie kusimama.

Aliporudi kwangu alichukua simu. Kisha akafunga geti kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Sasa ninajua," akasema. "Weye hautoke."

Alhamisi, 28 Agosti

Asubuhi anaileta simu. Anaketi kando yangu ninapojibu. Jioni anaichukua. Hatusemezani.

Sare ya shule ya Naomi imenunuliwa, ya shule ya hapa. Masomo yanaanza Jumatatu. Imetundikwa mahali ninapoiona nikijibu simu.

Nimempelekea Mama uji chumbani kwake. Amekula nusu. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Aliniacha hapo chini kwa muda.

"Siku tatu walinifunga mu vyuma," akasema. "Na weye ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo.

"Ile siku ya uji, nilisikia miguu yako. Nilisikia ukirudia."

Nikasema ndiyo.

Akaniambia nitoe bakuli.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo sijui nianzie wapi.

Asubuhi wamekuja wajane wawili wa kanisani, marafiki wa zamani wa Mama. Ya Floribert aliwafungulia geti, alidhani wamekuja kumpa pole. Mama alikuwa ameshatoka nje na beseni la maji na kitenge cha kijani kwenye bega. Akaniita. Akaniambia niinamishe kichwa.

Nilielewa pale maji yaliponigusa.

Hakukuwa na sherehe wala kuku, hata mjomba hakuitwa. Wajane wale wawili walinivua kitambaa cha kichwa, Mama akanimwagia maji mara tatu. Alikuwa bado dhaifu, mjane mmoja alimshika kiwiko. Akamwita Didi kwa jina lake lote na kumwambia mke wake amemaliza.

Ya Floribert alikuja mbio. "M-mama, tulisema m-mvua…"

"Mvua ni ya Mungu," Mama akasema, bila kugeuka. "Matanga ni yangu. Minye njo nilizaa ule alikufa. Nani mwingine ataifunga?"

Alinifunga kitenge kile mwenyewe. Kisha akamgeukia mwanawe. "Naomi anafuata mama yake mpaka akue. Wakati ya congé ya shule anakuja kwetu. Nimesema mbele ya hawa bamama."

Ya Floribert aliketi juu ya pipa. Alionekana mdogo. Akauliza nani atajibu simu. Aliuliza kweli, kama mtu aliyepotea njia.

"Minye," Gode akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Mama Naomi atanifundisha. Minye siko na kigugumizi."

Kwa mara ya kwanza nikaona yule mwanamke anataka kitu.

Baadaye nilimfuata Mama chumbani. Nilimwomba aje na sisi Kolwezi. Alicheka kidogo. "Didi iko hapa. Na huyu mwingine pia iko hapa." Nikajaribu kumshukuru. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikufanya juu ya kukupenda. Sijakusamehe bado. Ila ukibakia humu ndani, kuko mutu atakufa."

Jumanne, 2 Septemba

Siku mbili namfundisha Gode. Orodha ya Jumatatu, namna ya kuchagua maneno, namna ya kuondoa yale yanayoleta watu wasiohitaji kisima. Anashika haraka. Ameongeza maneno ambayo sikuwahi kuyafikiria, ya wanawake wanaokwenda mtoni.

Amefanya jambo jingine bila kuniuliza. Ameandika kwenye ukurasa kwamba Bwana Didi alifariki na kaka yake anaendelea kuchimba. Nilisoma mara nne. Nikamwachia.

Simu hazikupungua. Mtu mmoja wa Shituru ametoa pole kwanza, kisha akauliza bei.

Ya Floribert amepakia mizigo yetu kwenye gari la Kolwezi. Amefunga kamba mwenyewe, akaivuta mara mbili kuona kama imekaza. Alitaka kuniambia kitu. Nilimngoja. Dereva akapiga honi. Akanyanyua tu mkono.

Jumatano, 10 Septemba

Kolwezi. Wiki nzima sijaandika.

Kazi ni ya kawaida. Kadi za harusi, mihuri, karatasi za shule. Mwenye duka ni mtu wa maneno machache. Ninatoka saa kumi na hakuna anayeuliza naenda wapi. Mara mbili nimesimama barabarani bila kujua niende wapi, kwa kuwa naweza.

Namuwaza Mama mle ndani, na watu wale wale, chumba kile kile cha vyuma nyuma ya nyumba. Kanisani hakuna aliyemwomba radhi, Gode ameniambia. Wanamsalimu kutoka mbali.

Leo mchana Gode amepiga, akampa Mama simu. Hajazoea, anaishika mbali na sikio, nilimsikia akipumua kabla hajasema. Ameniuliza kama Naomi anakula. Nimesema anakula. Ameuliza kama maharage ya Kolwezi yanaiva haraka. Nimesema hapana, ni magumu, nayaloweka tangu jana yake. Akasema niweke magadi kidogo. Nikasema nitaweka.

Nilisikia kuku wa kule uani. Hakuna kati yetu aliyekata.